Mugeni wa Cédrick

Jumapili, 7 Septemba 2025

Karatasi hizi ni migongo ya teze ya bwana yangu Cédrick, ile kazi yake ya shahada ya udokta. Upande mmoja aliandika yeye, Prof akakata kwa kalamu nyekundu. Upande wa pili ni mweupe, nao nimeuchukua. Naandika muchana, mutoto wetu Joviale akilala. Nyumba imejaa watu na sina wa kuongea naye. Wanaume wawili wanaongea wao kwa wao, na mutoto hana bado maneno.

Niweke mambo sawa kwanza. Nyumba yetu hapa Ndosho, Goma, ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano, vyumba viwili: cha kulala na salon. Mulango wa nje ni mumoja, nao uko salon. Mama yangu, Athanasie, yuko Kibati. Kambi za wakimbizi zilipovunjwa mwezi wa pili alirudi kwake, akakuta nyumba imesimama bila kichwa. Manjanja yote, mabati ya paa, yalishabebwa. Analala chini ya shitingi ya plastiki, na kifua chake hakijawahi kupatana na baridi. Mwezi wa saba Cédrick alisema kwa kinywa chake: mvua ikianza mama aje, tumpe salon. Kwetu mama hakai nyumba moja na bwana ya binti yake, hali mbele yake, hapishani naye mulangoni. Lakini vita imefundisha watu kutumia pazia, nami kitambaa cha pazia nilishanunua.

Jumatano akaja Prof Namegabe na valizi mbili za nguo.

Yeye ndiye anaongoza teze ya Cédrick. Bila sahihi yake, Cédrick atabaki asistanti mpaka azeeke. Asistanti ni mutu anayefundisha kozi ya mwingine, anasahihisha mitihani ya mwingine, anabeba begi ya mwingine, na mtaani anaitwa Prof kwa kutaniwa. Nyumba ya Prof wa kweli, kule upande wa ziwa, imeingiliwa na watu ambao hawaulizwi majina. Bibi yake na watoto wako Bruxelles tangu Januari. Cédrick alinieleza hayo yote valizi zikiwa zimeshapita mulango.

"Mama Joviale, ni wiki mbili tu."

Nikatandika godoro salon. Kitambaa cha pazia nimekirudisha chini ya kitanda.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua ya kwanza ya maana. Simu ya mama imezimwa.

Jumapili, 14 Septemba

Prof anakula polepole na anaongea akila. Leo ilikuwa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na bugali. Wao wanakula mezani. Mimi nakula jikoni nje, na mutoto kwenye mapaja, kwa sababu viti ni viwili.

"Unajua iniversite yetu inafanana na nini, Cédrick? Inafanana na karamu ya harusi. Waliokaa mbele wanakula nyama, wa katikati wanapata muchuzi, wa nyuma wananusa. Halafu wote wakirudi nyumbani wanasema, tumetoka kula harusi."

Cédrick alianza kucheka kabla sentensi haijaisha. Zamani hakuwa anacheka hivyo.

Nilikuwa naleta maji ya kunawa. Nikauliza, "Na anayepika, Prof?"

"Anayepika anaonja, Mama Joviale. Huyo hatumuhurumii."

Tukacheka wote watatu. Nikarudi jikoni kuonja kilichobaki, nacho kilikuwa muchuzi.

Lakini sitamsingizia, anasema na mambo ya kweli. Leo walikuwa wanasikiliza redio, habari za amani inayosainiwa mbali na watu wenye suti kavu, huku banki zetu zimefungwa tangu Januari na uwanja wa ndege nao umelala. Prof akazima redio. Akasema siku hizi matabaka ni mawili tu: wale walio na pahali pa kwenda, na wale wanaobaki, mengine yote ni vitabu. Nilitamani kumuuliza yeye yuko tabaka gani. Ana pahali pa kwenda, na yuko kwangu.

Teze ya Cédrick ni juu ya familia za Goma zilizopokea wakimbizi: zinapokea kwa sababu gani, zinachoka lini. Anaiandika kwenye meza ile ile wanayokulia.

Jumamosi, 20 Septemba

Salongo. Kila Jumamosi asubuhi kartie nzima inatoka kusafisha barabara na mitaro, na siku hizi hakuna wa kukosa. Prof alitoka na viatu vyake vya ngozi na jembe letu. Jirani yetu Ntirenganya, yule fundi wa mbao, akamtazama kwa muda.

"Prof, jembe halishikwi kama kalamu."

"Na kalamu haishikwi kama jembe," Prof akajibu. "Njo maana weye na miye hatujasomana tangu uhuru."

Watu walicheka mpaka chef wa avenue, mukubwa wa barabara yetu, akatusukuma kazini. Prof alifanya mpaka mwisho. Aliporudi viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, nikamtilia maji ya chumvi kwenye beseni ya mutoto. Alikaa pale na mikono ndani ya maji, kama mutu anayengoja kuitwa.

Jumatano, 24 Septemba

Leo ni sombe, majani ya muhogo. Makala, mukaa wa kupikia, imepanda bei tena. Prof hapendi pilipili, kwa hiyo nyumba nzima haili pilipili.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wiki mbili zimekuwa nne. Nimemwita Cédrick jikoni, maana ndani mbao zinasikia.

"Papa Joviale, mvua imeanza."

"Naiona."

"Mama naye anaiona."

Akatazama moto. "Unataka nimwambie nini? Muzee, toka? Yule ameshika teze yangu mukononi, Christa. Miaka sita."

"Usimwambie atoke. Mwambie tu mama yangu analala chini ya shitingi. Yeye mwenyewe anafundisha watu habari za watu wa chini ya shitingi, ataelewa."

"Nitamwambia. Nipe muda amalize kusoma sura ya tatu."

Akinitaja Christa ujue ameshindwa. Nilimwacha. Alikuwa na alama ya wino kwenye shavu, na kwa sababu hiyo ndogo nikashindwa kuendelea kumkasirikia.

Baadaye mama alipiga kwa simu ya jirani. Nikamwambia, "Salon iko na mugeni wa Cédrick. Vumilia kidogo, mama."

"Mugeni wa bwana yako ni wako, mwanangu. Mulishe vizuri."

Kisha akaweka simu mbali ili akohoe nisisikie. Nikasikia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwanzoni Prof alikuwa anapiga Bruxelles kila siku. Bibi yake anajibu yuko kazini, watoto wanajibu kwa Kifaransa kifupi. Sasa anapiga mara moja kwa wiki, na siku zingine anaweka simu mezani, uso juu, anaingoja.

Leo Cédrick alikuwa iniversite. Mimi nilikuwa napepea moto jikoni, mulango uko wazi. Joviale akashika mguu wa meza, akauachia, akatembea. Hatua zake za kwanza. Alienda mpaka kwenye goti la Prof, akalishika kama mulingoti.

Sitaficha, roho iliniuma. Nilimbeba miezi yote, nikaamka naye usiku wote ule wa risasi mwezi wa kwanza, halafu anatembea kwenda kwa mugeni. Nikaingia nimchukue. Prof alikuwa amemshika kwa vidole viwili vya kila mukono, hasogei, kana kwamba akipumua mutoto atavunjika.

"Wangu watatu walitembea mimi nikiwa safarini, Mama Joviale," akasema. "Nilikuwa kwenye mikutano. Nadhani mara mbili ilikuwa mikutano juu ya familia."

Nikamwachia mutoto, nikaenda kuchemsha chai. Niliitia tangawizi, bila kuuliza kama anapenda.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua muchana kutwa. Wanaume: sura ya tatu. Hakuna aliyetaja Kibati.

Jumanne, 21 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilienda kuchota maji, halafu sokoni. Cédrick alikuwa iniversite. Joviale nilimwacha na Prof. Siku hizi wamezoeana. Niliporudi, mbele ya mulango kulikuwa na kikapu cha maharage makavu, yamechambuliwa safi, na kifuniko juu.

"Nani ameleta hii, Prof?"

Alikuwa kwenye kiti chenye muto, mutoto kwenye magoti, miwani kwenye paji la uso. "Mama mumoja muuzaji. Nilimwambia, aksanti, maharage tunayo. Akaweka kikapu chini, akapiga magoti kidogo, akaenda. Nikamwita achukue vitu vyake, hakugeuka."

"Alikuwa na muzigo?"

"Mugongoni, mukubwa. Godoro ya sponji imekunjwa, sufuria juu yake. Njo maana nikafikiri anapita nyumba kwa nyumba."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Hata kunitazama hakunitazama."

Ukingo wa kikapu una uzi mweusi uliopita chini na juu. Hakuna mwingine anayefunga hivyo ila mama. Nilimnyakua Joviale, nikamfunga mugongoni, nikatoka mbio. Kwa wauza mukaa wakasema alipita. Kwa mafundi wa moto, zile pikipiki, wakasema alipita, mvua ilikuwa inaanza, walimwambia ajikinge, akasema atafika kabla haijakolea. Nilifika mpaka barabara ya lami. Muzigo kama ule watu wanaubeba wengi. Niliwaita mama wawili, hakuna aliyekuwa yeye.

Alikuwa amekuja kukaa. Ameona shitingi haifai tena, amefunga vitu vyake, ametembea kutoka Kibati mpaka Ndosho na kifua kile, na kwenye mulango wa binti yake ameambiwa maharage tunayo.

Nilirudi nimelowa. Sikumwambia Prof kitu. Hakumtukana, hata sauti hakupandisha. Alimkataa kwa adabu, vile wanavyokataliwa wauzaji. Ningeanzia wapi? Alinipa taulo yake mwenyewe nimpanguse mutoto.

Cédrick alipofika nilimngojea nje, nikamweleza. Alishika kichwa.

"Nitamwambia Prof leo."

"Leo, Papa Joviale. Si kesho."

Wakakaa mezani. Prof akasema sura ya tatu sasa imesimama, kwamba ni kazi ya mutu mukubwa. Nilimwona Cédrick uso ukifunguka kama wa mutoto anayepewa mukate. Akanitazama mara moja, akashusha macho kwenye sahani. Hakusema.

Jumatano, 22 Oktoba

Joviale ana homa kali. Ni malaria. Siwezi kwenda Kibati, na simu ya jirani wa mama haiiti.

Ijumaa, 24 Oktoba

Homa imepungua. Mvua haijapungua.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya misa nilipanda moto mpaka Kibati, mutoto mugongoni.

Mama amelala upande, godoro yake imenyonya maji kama mukate kwenye chai. Shitingi imechanika pembeni, wameiziba kwa gunia. Jirani yake Nyiramahirwe alikuwa anakoroga uji. Paji la mama lilikuwa la moto na miguu ya baridi.

"Mama, kwa nini hukuningoja?"

"Ningengojea wapi? Mukwe amekaa mulangoni."

"Mukwe gani?"

"Baba mukubwa wa bwana yako. Yule wa Bukavu." Aliongea akipumzika kati ya maneno. "Si uliniambia mugeni wa Cédrick? Nimekuta muzee wa mvi, amekaa kwenye kiti cha nyumba, mujukuu yuko kwenye magoti. Nikasema basi, huyu ndiye ukoo."

Nilikaa chini. Siku ya mahari yangu wazee wa Bukavu walikaa nje kwenye viti, na mama alikuwa ndani na wanawake wenzake, inavyopaswa. Hakuona uso wa hata mumoja. Hangemjua.

"Akaniambia maharage wanayo," mama akaendelea. "Mukwe akikuambia wanayo, maana yake binti yako anakula, usimsumbue. Nikashukuru kwa magoti. Nikaacha kikapu kwa heshima."

"Mama, yule si mukwe. Ni mwalimu wa Cédrick."

"Mwalimu?" Akakohoa kwa muda, nikamshika mugongo. "Mwalimu anakaa kwenu tangu mwezi wa tisa? Hana shule?"

Nyiramahirwe alicheka mpaka uji ukamwagikia makaa. Nikacheka na mimi, halafu kicheko kikabadilika njiani, nikaficha uso kwenye kitenge cha mutoto.

"Na kama si ukoo," mama akauliza, "kwako ni nani?"

Nilitafuta. "Ni mutu ambaye Cédrick anamwogopa."

"Basi ni mukwe," akasema, akafunga macho.

Nilipotoka Nyiramahirwe alinisindikiza mpaka barabarani. "Mama Joviale, nakuambia kama dada. Wiki hii tutaivuka na uji. Ile nyingine, miye sijui. Bibi wa watu haumwi, analowa tu."

Nilitaka nimpakie kwenye moto saa ile ile. Lakini nimpeleke nimlaze wapi, miguuni kwa Prof? Nikarudi na mutoto wangu peke yetu. Njia nzima sikumlaumu Prof, wala wale waliochukua nyumba yake, wala wale waliochukua manjanja ya mama. Nilikuwa naona uso wa Cédrick ukifunguka juu ya sahani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilingoja Cédrick atoke. Nikampa Prof chai, kisha nikachukua kile kiti cha pili, kiti cha Cédrick, nikakaa. Prof akaweka kalamu chini. Tangu aje sijawahi kukaa mezani.

"Prof, naomba unisikilize mpaka mwisho."

"Nakusikiliza, Mama Joviale."

"Mama yangu ni mugonjwa. Yuko Kibati, kwenye nyumba isiyo na paa. Salon hii ilikuwa yake tangu mwezi wa saba."

Akavua miwani. "Mama yako yuko Sake kwa dada yako. Cédrick aliniambia siku ya kwanza. Nilimuuliza kama kuna mutu namchukulia nafasi, akasema hapana, mama mukwe yuko Sake, ana nyumba nzuri."

Sina dada Sake. Sina dada popote.

Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia mutu mumoja maneno magumu, kumbe maneno yenyewe yalikuwa ya mwingine, na huyo hayupo. Prof alinisoma usoni. Ndiyo kazi yake. Akageuka polepole kutazama pembeni ya mulango.

"Yule mama wa maharage," akasema.

"Ndiye."

"Nilimwambia tunayo."

"Ulimwambia."

Hakujitetea. Alikaa akipitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe. Nje watoto wa Ntirenganya walikuwa wanapigania tairi.

"Prof, wewe huna ndugu Goma?"

"Niko na mutoto wa dada yangu, Domitille. Murara. Anauza makala." Akasita. "Ana vyumba vitatu."

"Murara ni pale tu."

"Ni pale tu. Miaka mingi nilikuwa namwona njiani, yeye na magunia yake, mimi ndani ya gari. Napunga mukono. Unajua kwa nini nilikuja kwenu na si kwake? Asistanti hawezi kunikataa. Domitille anaweza."

Aliisema kama anavyosema yale mengine ya mezani, kwa sauti ile ile, lakini safari hii hakungoja mutu acheke. Nikamwonea huruma, na huruma haikubadilisha kitu.

"Basi jaribu, Prof. Akikukataa, rudi hapa ule na sisi, kila siku ukitaka. Sahani yako itakuwepo. Lakini kulala, hapana. Jumamosi mama yangu atakuwa hapa."

"Na Cédrick anajua kwamba unaniambia hivi?"

"Hajui."

"Hauogopi?"

"Naogopa sana."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa miwani. Sikumuuliza habari ya sahihi. Naye hakunipa neno juu yake. Chai yake aliimaliza yote, akasimama, akabeba kikombe mwenyewe mpaka jikoni.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wameondoka.

Domitille mwenyewe alikuja kumchukua, mwanamuke mufupi, vumbi nyeusi kwenye mistari ya mikono. Alisimama mulangoni akamtazama Prof kutoka juu mpaka chini. "Mujomba, kumbe unajuaka kutembea kwa miguu." Prof akasema ndiyo. "Basi twende, mvua inakuja." Kumbe huko ndiko kukataliwa alikokuwa anakuogopa.

Akaniaga kwa mikono miwili. Joviale alimfuata mpaka kwenye kizingiti, akaanguka, akalia.

Cédrick hakuniambia neno tangu Jumatatu usiku, alipojua. Alipoona valizi zinafungwa alisema tu, "Umenifukuzia baba."

"Baba yako alishakufa, Papa Joviale, na tulimzika vizuri. Huyu ni mwalimu."

"Umeharibu miaka sita."

"Ulimwambia mama yangu ana nyumba nzuri Sake."

Hapo akabeba valizi kubwa kichwani. Kisha akarudi kuchukua kompyuta, karatasi, na suruali moja. Kumebaki sura mbili, Prof anataka wazimalize kabla ya Noeli, Cédrick naye atalala kule Murara. Sikujua kama ni kwa ajili ya teze ama ya hasira. Nadhani hata yeye alikuwa hajui.

Karatasi hizi hakuzichukua.

Jumamosi, 1 Novemba

Mama yuko hapa. Tulikuja naye kwenye moto, yeye katikati, mimi nyuma nimemzungushia mikono. Ni mwepesi. Ndani ya mikono yangu alikuwa kama nguo iliyoanikwa.

Nimetundika pazia, ingawa hakuna wa kumficha mama.

Jumatano, 5 Novemba

Mwuguzi wa kituo amempa dawa ya kifua. Analala. Pilipili imerudi kwenye sufuria.

Jumapili, 9 Novemba

Meza iko tupu. Hakuna anayesema sentensi ndefu. Kulikuwa na siku nilitamani kimya hiki kama maji, na leo muchana nimekaa kwenye kiti cha Prof, nikawasha redio ili kuwe na mwanaume anayeongea ndani ya nyumba. Ilikuwa bei ya dola. Nikasikiliza mpaka mwisho.

Cédrick ametuma ujumbe: "Mutoto?" Nikajibu: "Mzima." Ndiyo barua zetu.

Mama anakula amegeukia ukuta, kwa mazoea, kama bwana yangu anaweza kuingia wakati wowote. Sijamwambia kwamba hatuongei. Nadhani anajua. Jana aliniuliza kama kitanda changu hakina baridi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Mama amekaa mwenyewe, bila kushikwa, akamsuka Joviale.

Jumapili, 16 Novemba

Leo muchana mvua ilikuwa inashuka bila upepo, ile inayokaa. Mama amelala salon, godoro yake iko karibu na mulango kwa sababu pale hapavuji. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo. Nikasikia mutu anagonga mbao za nyuma, upande wa kitanda.

"Mama Joviale."

Nilikaa kitandani, nikasogeza sikio.

"Ni miye. Nimekuja kuchukua pulova. Nimechungulia mulangoni, nimeona mama amelala pale pale chini. Siwezi kumruka."

"Huwezi," nikasema.

"Anaendeleaje?"

"Amekaa mwenyewe juzi."

Kati ya ubao na ubao kuna ufa unaoingia kidole kimoja. Niliweza kuona kipande cha shati, limelowa, na nyuma yake ndizi za Ntirenganya. Nilimpitishia pulova kwenye kadirisha ka juu. Mukono wake ukaipokea, ukakaa pale kidogo hata pulova ilipokuwa imeshatoka.

"Nani anapika kule?" nikauliza.

"Domitille. Anampa Prof madumu, anamtuma maji. Anamwambia, Mujomba, bido mbili, na usisimame njiani kuongea na watu. Naye anaenda." Akacheka kidogo, kicheko chake cha zamani, kinachokuja baada ya maneno. "Anasema ni mara ya kwanza anafanya utafiti bila kuandika."

"Na sura zako?"

"Amezirudisha. Amekata nyingi. Ameniuliza nani alinifundisha kusema uongo kwa mugeni anayekula kwangu, nikamwambia hakuna aliyenifundisha." Mvua ikapiga manjanja. "Sahihi sijui, Christa. Hajasema. Pengine mwezi wa tatu, pengine hapana."

Nilitaka aombe msamaha, na niliogopa akiomba nitafungua kinywa nilie, na mama yuko nyuma ya pazia.

"Nilisema Sake kwa sababu," akaanza.

"Najua kwa sababu ya nini."

"Ningemwambia."

"Hapana, Papa Joviale. Hungemwambia."

Akagonga tena, taratibu, chini zaidi.

"Ubao huu umeoza hapa chini. Na huu wa pembeni. Nikiutoa pamoja na ule, mulango unaingia. Mudogo. Mutu anaweza kufika kitandani kwake bila kupita kwa mama mukwe."

"Mwenye nyumba atasema nini?"

"Nitaongea naye. Mwenyewe." Akagonga. "Hapa?"

Niliweka kiganja kwenye ubao, pale sauti ilipotokea. "Hapo kuna mguu wa kitanda. Njoo kushoto."

Akagonga kushoto. Kiganja changu kikasikia.

"Hapo," nikasema.

"Sawa."

"Utakuja lini?"

"Nikipata musumeno."

Ntirenganya ana misumeno mitatu, na anakaa mita chache kutoka pale alipokuwa amesimama. Sikumwambia. Nilisikia viatu vyake vikishuka kwenye mawe, vikipotea ndani ya mvua.

Mama akaita kutoka salon, sauti ya usingizi. "Nani alikuwa anagonga?"

"Ni mukwe wako, mama."

Nilipofungua pazia nikamkuta ameshavuta kitenge mpaka kwenye macho, amekaa wima, ingawa kati yake na Cédrick kulikuwa na kuta mbili na mvua yote ile.

"Alikuwa na kofia ya mvua?" akaniuliza ndani ya kitenge.

Nikamwambia sikumwona.